Somo la 23: Faida Halali na Jasho la Mfanyakazi



Wasikilizaji wapendwa, nanyi mnaosoma kijitabu hiki mkiwa mmekusanyika pamoja na katekista wenu, katika somo lililopita tulinena juu ya mwizi aingiaye usiku katika nyumba ya mwenzake. Amri ya saba yamkataza, na kila mtu amjua kuwa ni mwizi. Leo twanena juu ya wizi mwingine, ufanywao mchana, mbele ya watu, kwa kalamu na kwa mizani. Mwenye kuufanya mara nyingi husifiwa kuwa mtu mwenye akili, naye huja Misa siku ya Bwana bila kuona haya. Hatari yake ndiyo hiyo: asiyejua kwamba ameiba, haungami, na asiyeungama, harudishi.

Swali letu ni hili. Watu wakitia mali yao pamoja ili kufanya biashara, ni faida ipi iliyo yao kwa haki? Na wafanyakazi wao, na wanunuzi wao, yawapasa nini?

1. Maana ya hisa

Tuseme watu 10 wa kijiji kimoja wamekubaliana kununua mashine ya kusaga mihogo na mahindi. Kila mmoja ametoa franka 500,000. Mmoja ameuza mbuzi wake, mwingine ametoa akiba ya mavuno ya miaka miwili. Sehemu ya kila mmoja katika mashine ile yaitwa hisa, na wao 10 ndio wenye hisa. Kompani kubwa za mjini na za Ulaya nazo zimejengwa hivyo hivyo, isipokuwa wenye hisa wao ni maelfu, na wengi hawajaiona kamwe mashine yao wala watu waiendeshao.

Je, ni dhambi mwenye hisa kupata faida? La, si dhambi. Yule aliyeuza mbuzi wake amejinyima. Tena amekubali hatari, kwani mashine ikivunjika, mbuzi wake amepotea. Ni haki apate kitu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake Centesimus Annus ya mwaka 1991, alifundisha kwamba faida ni dalili kuwa kazi yaendeshwa vema. Lakini alifundisha pia kwamba faida peke yake haitoshi kuwa dalili, maana yawezekana hesabu ikawa nzuri huku watu wakionewa. Akina mama mwajua jambo hili: si kila mtoto mwenye mashavu makubwa ana afya. Pengine amevimba kwa njaa.

2. Utaratibu wa kulipa

Sasa tufungue daftari la mashine yetu. Kwa mwezi mmoja imeingiza franka 900,000. Mafuta yamekula 400,000. Fedha 100,000 zimewekwa akiba ili kununua mkanda na vyuma vingine siku vitakapochakaa. Wafanyakazi ni 2, na kila mmoja amelipwa 120,000, jumla 240,000. Zimebaki franka 160,000. Wenye hisa wamezigawanya, kila mmoja amepata 16,000. Hiyo ni faida halali, na mtu aweza kuila pamoja na watoto wake kwa amani.

Mwezi wa pili mmoja wao asema: «Kazi ni haba hapa kijijini. Tuwalipe wale vijana 50,000 tu kila mmoja. Watakubali, maana hawana pengine pa kwenda.» Wakafanya hivyo. Mapato ni yale yale, mafuta ni yale yale, lakini sasa kila mwenye hisa apata 30,000. Wote wafurahi na kusema: «Faida imeongezeka!»

Ndugu, hesabuni wenyewe. Kila mwenye hisa ameongezewa 14,000. Mara 10, ni franka 140,000. Na vijana wale 2 wamepunguziwa 70,000 kila mmoja. Jumla franka 140,000. Mashine haikusaga hata debe moja zaidi. Fedha zimetoka mfuko mmoja na kuingia mfuko mwingine. Waliiita faida, lakini jina lake mbele ya Mungu ni mshahara uliozuiliwa.

Basi shikeni neno hili, ndilo kiini cha somo letu: faida ni kile kinachobaki baada ya haki kulipwa. Jasho hulipwa kwanza, mizani huwa ya kweli kwanza. Kisha wenye hisa hugawana kinachobaki, kiwe kingi au kichache.

Katekisimu yatufundisha kwamba kuna dhambi zinazomlilia Mungu kutoka duniani, na mojawapo ni kumnyima mfanyakazi ujira wake. Sheria ya Musa iliamuru maskini alipwe kabla ya jua kuchwa, kwa kuwa ameutegemea ujira ule kwa roho yake. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba mshahara walioupunja wa wavunaji unapiga kelele, na kelele ile imefika masikioni mwa Bwana.

Labda mtu atajibu: «Lakini alikubali mwenyewe.» Jibu alilitoa Baba Mtakatifu Leo XIII katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891. Alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara kuwa wa haki. Mtu mwenye njaa hukubali lolote. Mshahara wapaswa kumtosha mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema apate kuishi. Sheria ya serikali nayo huweka mshahara wa chini kabisa. Lakini mwenye dhamiri hasimami pale sheria inapoanzia.

3. Haki ya mnunuzi

Mnunuzi naye haibiwi kwa mkono, huibiwa kwa kipimo. Mmeyaona makopo sokoni, ambayo kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, ili kopo lionekane limejaa nalo limepungua. Mmemwona mnunuzi wa kahawa ambaye mizani yake daima yasema kilo chache kuliko mizani ya parokia. Mmeuona pia unga uliochanganywa, na dawa ziuzwazo baada ya siku zake kupita. Nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara wa Israeli kwa mambo hayo hayo: kupunguza kipimo, kuongeza bei, kuuza makapi ya ngano kama ngano.

Ni halali kupanga bei itakayolipa gharama na kuacha faida. Si halali kungoja miezi ya njaa, wakati mama hana la kuwapikia watoto, kisha kumtoza bei isiyolingana kabisa na gharama, kwa kuwa hana njia nyingine. Huko ni kuuza njaa ya mtu, si kuuza unga.

4. Yaliyotokea Katanga

Ili mwone kwamba mambo haya si ya mashine ndogo tu, tuitazame nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1906 ilianzishwa kompani ya Union Minière du Haut-Katanga, ili kuchimba shaba. Wenye hisa wake wakubwa walikuwa katika majumba ya fedha ya Brussels na London. Katika miaka ya kwanza watu waliletwa kutoka mbali kwa mapatano ya miezi michache. Walilala kambini mahali pabaya, wakala vibaya, na maradhi ya mapafu na ya kuhara yakawaua wengi. Karibu na mwaka 1928 kompani iligeuza njia yake. Iliandika watu kwa miaka 3, ikawaruhusu kuja na wake zao, ikajenga nyumba, hospitali na shule, na shule hizo zikawekwa mikononi mwa wamisionari. Vifo vikapungua. Kompani haikufanya hivyo kwa upendo tu. Iliona kwamba mfanyakazi mgonjwa, au aendaye zake mara tu akiisha kujifunza kazi, ni hasara. Hapo twajifunza kwamba kumtunza mfanyakazi si adui wa faida.

Lakini kumtunza mtu si sawa na kumtendea haki. Wakati wa vita kuu ya pili shaba ilitakiwa sana, kazi ikazidi, na bei ya nguo na vyakula ikapanda. Mshahara wa mfanyakazi Mwafrika haukutosha tena, wala sheria ya wakati ule haikumruhusu kuunda chama cha wafanyakazi. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakidai nyongeza. Askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa, na makumi ya wenzake pamoja naye. Ruhusa ya vyama vya wafanyakazi Waafrika ilikuja mwaka 1946.

Wenye hisa wa Ulaya hawakuwapo uwanjani pale. Macho yao hayakuona. Lakini mikono yao ilipokea faida ya shaba ile. Ndiyo maana twasema: mwenye hisa aliye mbali hana ruhusa ya kukaa bila kuuliza. Na Mkristu aliyekaa karibu na kompani, akanyamaza kwa sababu shule na zahanati zilitoka kwake, naye ana la kujibu.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwanzoni mwa mwaka 1967 Serikali ya Kongo iliitwaa kompani ile, nayo baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Lakini fedha zilichotwa kwa mambo mengine, mashine hazikutengenezwa inavyopasa, na mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikabomoka. Mwanzo wa karne hii haikufikia hata tani 40,000 kwa mwaka. Wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara. Watoto wakatolewa shuleni, hospitali zikakosa dawa. Mwaka 2003 karibu watu 10,000 waliachishwa kazi kwa kupewa fedha kidogo ya mkupuo mmoja.

Basi msiseme kwamba faida ni kitu cha matajiri tu. Mahali ambapo akiba ya matengenezo yaliwa, na mtaji watafunwa, maskini ndiye hulala njaa wa kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Wajibu wa kila mmoja

Mwenye hisa: aulize kabla ya kupokea. Wafanyakazi wamelipwa? Kipimo ni cha kweli? Akiba ya mashine ipo? Mwaka ukiwa mbaya, yeye ndiye angoje faida yake kwanza, kwani ndiyo hatari aliyoikubali alipotoa fedha. Mfanyakazi hakuikubali hatari ile. Yeye alitoa mikono yake, na mikono haina akiba.

Msimamizi: aandike kila kitu, na daftari liwe wazi kwa wote. Kama fedha haikutosha kweli, awaonyeshe wafanyakazi hesabu yote bila kuficha, nao wapatane jinsi deni litakavyolipwa. Lakini asiseme «hakuna fedha» huku wenye hisa wamegawana jana. Tena msimamizi alaye faida kwa siri awaibia wenye hisa, hata kama ni ndugu zake.

Mfanyakazi: aje kwa saa yake, atunze mashine kama mali yake, asiuze mafuta usiku, asijitolee bakuli la unga katika kila gunia. Mshahara ukiwa mdogo, njia yake ni kudai kwa uwazi pamoja na wenzake, si kuiba.

Mnunuzi: naye asikope kwa nia ya kutolipa. Unga wa mkopo usiolipwa ni mshahara wa mtu.

Na aliyekwisha kupokea mali ya namna hii afanye nini? Amtazame Zakayo. Bwana Yesu alipoingia nyumbani mwake, hakutosheka kulia. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Kuungama bila kurudisha, nawe waweza kurudisha, si kutubu.

6. Maswali na majibu ya kujifunza

S. Faida ni nini?
J. Faida ni kile kinachobaki katika kazi baada ya wafanyakazi kulipwa kwa haki, wanunuzi kupimiwa kwa kweli, na akiba kuwekwa.

S. Je, mwenye hisa atenda dhambi akipata faida?
J. La; faida ya haki ni malipo ya mali aliyojinyima na ya hatari aliyoikubali.

S. Mshahara uliokubaliwa ni wa haki daima?
J. Siyo daima, mwenye shida hukubali hata kidogo, lakini haki yataka mshahara umwezeshe kuishi.

S. Mtu aliyepokea faida iliyotoka katika mshahara uliozuiliwa, naye ajua, afanye nini?
J. Airudishe kwa wenyewe.

Azimio la juma hili: kila mwenye duka, mashine, shamba la vibarua au mashua ya pamoja, afungue daftari lake kabla ya siku ya Bwana, atazame ni nani bado hajalipwa. Wasio na biashara wachunguze makopo yao ya kupimia.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi ya seremala huko Nazareti, ukajua uzito wa ubao na thamani ya siku: utupe mikono safi katika kununua na kuuza, wala usiruhusu mkate wa watoto wetu ukandwe kwa jasho la watu wasiolipwa. Amina.