Treni ya Usiku Yahitaji Mapatano, Si Chuma Tu

Bonga yetu, katika Mji wa Babati, haina reli, ina barabara. Kipande cha Mela hadi Bonga ni sehemu ya barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilometa 251, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2018. Mwananchi wa hapa akielekea kaskazini atafika Arusha, penye stesheni ya reli ya zamani. Akielekea kusini atafika Dodoma, penye stesheni ya reli mpya. Kwa kuwa tumekaa kati ya reli hizo mbili, yatupasa kusema neno juu ya kitu ambacho Afrika Mashariki ilikuwa nacho, ikakipoteza, na sasa ina nafasi ya kukirudisha: treni ya abiria isafiriyo usiku kucha na kuvuka mpaka.

Yafaa vijana waelezwe. Hadi mwaka 1977 reli za Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa chini ya shirika moja, lenye makao makuu Nairobi. Upana wa njia ulikuwa mmoja, yaani mita moja, na mabehewa yalikuwa ya wote. Kutoka Voi, kwenye njia ya Mombasa na Nairobi, tawi la reli lilipita Taveta hadi Kahe na kuungana na njia ya Moshi na Arusha. Waingereza walilijenga kwa haja za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baadaye likawatumikia raia. Kwa upande wa magharibi, abiria aliyepanda Nairobi aliweza kulala behewani, akavuka mpaka, na kushuka Kampala.

Mambo hayo hayakuvunjwa na uhaba wa abiria. Yalivunjwa na ugomvi wa ndugu. Jumuiya ilisambaratika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa Februari mwaka huo, usifunguliwe hadi Novemba 1983. Mali ya pamoja iligawanywa, kila nchi ikachukua vichwa vyake vya treni na mabehewa yake. Mpaka ulipofunguliwa watu walirudi kuvuka, lakini wengi kwa mabasi. Treni haikurudia nguvu yake ya zamani. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Hata hivyo tunao mfano wetu wenyewe wa kututia moyo. TAZARA, yenye kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976 kwa nchi mbili zilizokubaliana kuwa na shirika moja. Uchakavu wa njia na upungufu wa vichwa vya treni uliidhoofisha sana, lakini ushirika wenyewe haukufa. Na kwa sababu haukufa, Septemba 2024 viongozi wa Tanzania, Zambia na China waliweza kukutana Beijing na kushuhudia utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua.

Ulaya nako kuna funzo. Shirika la reli la Austria lilianzisha treni zake za Nightjet Desemba 2016, wakati Ujerumani ilipoacha treni zake za kulala, na watu wakazipenda. Mwaka 2021 Vienna na Paris ziliunganishwa. Lakini Septemba 2025 ilitangazwa kuwa safari hiyo itakoma, kwa sababu serikali ya Ufaransa iliondoa ruzuku yake. Abiria walikuwapo, mabehewa yalikuwapo. Mshirika mmoja alipoondoa mkono, safari ikakwisha.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza: haya yatuhusu nini sisi tuliozungukwa na bahari? Yawahusu sana. Abiria wao ashukaye botini Dar es Salaam ndipo aanzapo safari ya bara. Tena wao wanajua kuliko sisi kwamba chombo huhitaji bandari mbili, ya kuondokea na ya kufikia. Jirani akiifunga yake, hata nahodha hodari hana safari.

Kwa waheshimiwa watendaji wa Serikali tunasema hivi. Treni ya abiria imerudi Arusha tangu Oktoba 2020, na reli ya kisasa imefika Dodoma tangu 2024. Safari ya saa chache haihitaji kitanda. Lakini reli hiyo inajengwa kuelekea Mwanza, Kigoma na Burundi, na safari ndefu namna hiyo itamkuta abiria njiani usiku. Huu ndio wakati wa kuamua, kabla chuma hakijafika mpakani: nani atanunua mabehewa ya kulala, nani atalipa hasara ya miaka ya mwanzo, na maofisa wa uhamiaji na forodha watakaguaje bila kuwashusha akina mama na watoto gizani. Vilevile yafaa wizara zetu na za Kenya zikae meza moja juu ya njia ya Voi na Kahe.

Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha Novemba 1999, nao unataka nchi wanachama zishirikiane katika reli. Hatudai jambo geni, ila yale tuliyokwisha kuafikiana yatekelezwe. Reli huweza kujengwa na nchi moja peke yake. Treni ya kuvuka mpaka haiwezi.