Kosa la Kidole Lina Hesabu Yake

Jioni mjini Matuu, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, mchuuzi wa nyanya anamlipa kwa M-Pesa mkulima anayemwagilia shamba kwa maji ya mfereji wa Yatta. Namba ina tarakimu 10, wateja wanasubiri, lori linapiga honi. Akikosea tarakimu moja, pesa zinaweza kumwendea mtu asiyemjua, na mchuuzi ataitwa mzembe. Wahandisi wanaopima utegemekaji wa mifumo huuliza jambo lenye faida zaidi: katika hali kama hii, kosa hutokea mara ngapi?

Mwaka 1983, Alan Swain na H. E. Guttmann walichapisha Marekani mwongozo wa kukadiria makosa ya wahudumu wa vinu vya nyuklia. Njia yao, THERP, huigawa kazi katika hatua ndogondogo na kukadiria uwezekano wa kukosea kila hatua. Tuseme, kwa mfano tu, mtu hukosea tarakimu moja katika kila 1,000. Kwa namba ya tarakimu 10, hilo ni karibu kosa moja katika malipo 100. Haraka huongeza hatari: katika HEART, mbinu ya Mwingereza Jerry Williams, uhaba wa muda unaweza kuzidisha uwezekano huo hadi mara 11.

Je, akiisoma namba mara ya pili? Wengi watadhani hatari itashuka hadi moja katika 10,000. La. Jicho lililoona 8 mahali pa 6 huelekea kuiona 8 tena. Swain na Guttmann walilitilia hilo maanani: ukaguzi ukitegemea sana kazi ya kwanza, hushindwa karibu nusu ya nyakati. Tunabaki na kosa moja katika 200.

Hapo ndipo ulipo ubora wa Hakikisha, huduma ya Safaricom inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa nafasi ya kusitisha malipo. Jina ni ushahidi mpya, haurudii tarakimu zilezile. Lakini humfaa tu anayelijua jina analolitarajia.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma, muulize mpokeaji jina alilosajilia laini yake, kisha ulisome linapotokea. Nanyi mnaosimamia maduka, zahanati na mitambo ya maji, msiishie kumkaripia aliyekosea. Mwekeeni ukaguzi usiotegemea jicho lake mwenyewe.