MOTOKAA ZA KALE ZA FAHARI: NAMNA YA KUZITAMBUA NA SABABU YA KUZITUNZA

Katika vijiji na vituo vya biashara vya Migori na Homa Bay huonekana pengine motokaa ya zamani iliyowekwa chini ya mti, matairi yake hayana upepo na kuku hutaga juu ya viti vyake. Labda mwenyewe alikuwa mwalimu au mfanya biashara ambaye amekwisha fariki, na watoto wake hawajui waifanyie nini. Kisha hufika mnunuzi wa chuma chakavu, naye hutaja bei kwa kadiri ya uzito. Kabla ya kuipokea bei hiyo yafaa jamaa wajue ni kitu gani wanachokiuza, kwa kuwa motokaa ikisha kukatwa vipande haiwezi kurudishwa tena.

Kwanza ifahamike ya kuwa uzee si fahari. Shirikisho la dunia la magari ya kihistoria, liitwalo FIVA, huhesabu kuwa gari la kihistoria ni lile lililotimiza miaka 30, lililotunzwa katika hali yake ya asili, na ambalo halitumiwi kwa safari za kila siku. Waingereza nao huyaita vinteji magari yaliyotengenezwa toka mwaka 1919 hata mwisho wa mwaka 1930. Gari la fahari ni jambo jingine: ni lile lililojengwa kwa ajili ya wanunuzi wachache, kwa kazi nyingi ya mikono, na kwa ngozi, mbao na chuma vilivyo bora.

NEMBO PEKE YAKE HAITOSHI

Rolls-Royce hutambulikana kwa rejeta yake iliyosimama kama uso wa hekalu la Wayunani, na juu yake sanamu ndogo ya mwanamke aliyeinama mbele, nguo zake zikipeperuka kama mabawa. Sanamu hiyo ni kazi ya Charles Sykes, nayo ilianza kutumika mwaka 1911. Mercedes-Benz ina nyota ya ncha tatu, na Bentley ina herufi B yenye mabawa.

Lakini nembo huweza kufunguliwa kwa bisibisi na kufungwa katika gari lingine. Tena Rolls-Royce iliinunua Bentley mwaka 1931, hata Silver Cloud ya Rolls-Royce na Bentley S, zilizotoka mwaka 1955, zinafanana karibu kwa kila kitu isipokuwa rejeta na nembo. Jambo jingine liwatatizalo watu ni hili: kabla ya Vita Kuu ya Pili, Rolls-Royce haikuuza gari zima. Iliuza chasi pamoja na injini, na mnunuzi alikwenda kwa fundi wa bodi amjengee sehemu ya kukaa. Kwa hiyo magari mawili ya kiwanda kimoja na mwaka mmoja yaweza kuwa na sura mbali mbali kabisa.

Shahidi wa kweli ni namba. Itafutwe namba ya chasi na namba ya injini, zilizopigwa katika chuma au kuandikwa katika kibati chini ya boneti, kisha zilinganishwe na zile zilizo katika kitabu cha gari. Zikipatana, thamani huongezeka. Zisipopatana, pana kitu kilichobadilishwa. Hata kibao cha usajili husema neno: katika Kenya namba zenye herufi moja mwishoni zilianza mwaka 1989, kwa hiyo kibao cha gari la mtu binafsi chenye herufi tatu na tarakimu tu ni cha kabla ya hapo.

MAGARI YALIYOPATA SIFA KENYA

Si lazima gari liwe Rolls-Royce ndipo lipate heshima. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita katika barabara za vumbi na matope za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mercedes-Benz 219 ilishinda mwaka 1959 na 1960, na 220 SE ikashinda mwaka 1961. Peugeot 404 ilishinda mara nne, yaani mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544. Motokaa za namna hizi zilinunuliwa na watu wengi wa nchi hii, na baadhi yake ndizo zilizolala chini ya miti leo.

Katika Nairobi, tangu mwaka 1970, kumekuwa na mashindano ya uzuri wa magari yaitwayo Concours d'Elegance. Waamuzi hutazama rangi, injini, viti, magurudumu, hata upande wa chini wa gari. Gari la bei ndogo lililotunzwa vema laweza kulipita gari la tajiri lililoachwa kuchakaa.

LA KUFANYA NYUMBANI

Matope yaliyoganda chini ya gari yaondolewe, maana hushika maji na kuleta kutu. Gari liinuliwe juu ya magogo au mawe imara, na kuezekewa paa lipitishalo hewa. Turubai ya plastiki iliyobana bodi hufungia unyevu ndani. Vipande vilivyotoka, hata vilivyovunjika, viwekwe pamoja katika sanduku, kwa kuwa fundi huvitumia kama kielelezo cha kutengenezea vipya. Wala lisipakwe rangi mpya kwa haraka ili lipendeze machoni pa mnunuzi.

Ikiwa mwenyewe amefariki, mtu mmoja wa jamaa hana ruhusa kuliuza kwa siri. Sheria ya urithi ya Kenya hukataza kuuza mali ya marehemu kabla ya kupata kibali cha mahakama, na ugomvi mwingi wa ndugu huanzia hapo. Mnunuzi wa chuma chakavu naye aulizwe leseni yake, kama sheria ya mwaka 2015 ilivyoagiza.

Mwisho ikumbukwe ya kuwa kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Motokaa ya kale ikisha kuharibiwa, si rahisi kuleta nyingine mahali pake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Jamaa wasome namba kwanza, wamwulize fundi anayejua, ndipo wapatane bei.