Baada ya Mrija, Je, Ugali Utapita?

Kijana, mtu akitapika damu nyumbani ubishi huanza. Huyu anasema karogwa, yule anataka apelekwe hospitali. Halafu utasikia: "Wataingiza mrija kooni, hatakula tena ugali!" Maneno hayo yanaua. Hebu tuelezane ukweli.

Damu inatoka wapi?
Ini likijaa makovu, damu hupita kwa shida na kutafuta njia ya pembeni. Mishipa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huvimba na inaweza kupasuka. Makovu hayo huletwa na homa ya ini aina ya B, pombe nyingi (uraka na gongo vimo) na kichocho cha tumbo, kilichoenea zaidi kandokando ya Ziwa Victoria.

Daktari hufanya nini?
Hupitisha mdomoni mrija wenye kamera. Kisha huifunga mishipa kwa vipira vidogo, mfano wa rababendi, au huichoma sindano ya kuikausha.

Kwani umio hauharibiki?
Sindano ina usumbufu zaidi. Inaweza kuacha kovu linalobana njia, na misuli ya umio ikasukuma chakula kwa unyonge. Ndiyo maana siku hizi vipira hupendelewa. Ukifungwa, kumeza kutauma na kifua kitabana siku chache. Vipira hudondoka vyenyewe, vikiacha kidonda kidogo kinachopona. Wengi humeza tena kama zamani.

Ufanye nini?
Siku za mwanzo kunywa uji na supu iliyopoa. Korosho na muhogo mkavu visubiri. Usimeze aspirini wala diklofenaki bila kumwuliza daktari. Rudi tarehe uliyopangiwa, kwani mishipa hufungwa mara kadhaa. Ukitapika damu tena, ukipata choo cheusi kama lami, au chakula kikizidi kukwama, nenda hospitali mara moja.

Na kinga?
Watoto wa Tanzania walianza kuchanjwa homa ya ini B mwaka 2002. Ulizaliwa kabla ya hapo? Kapime, uulizie chanjo.

Kumbuka: anayetapika damu ni wa hospitali, leo hii. Uko Msanga Mkuu? Usingoje boti ya kesho. Mvushe, mfikishe Ligula, wamwongezee maji na damu, wampe rufaa ikibidi.