Je, Wajua? Miaka ya Kabla ya Hedhi Kukoma

Je, wajua kwamba mwanamke anayekaribia kukoma hedhi anaweza, kwa siku kadhaa, kuwa na estrojeni nyingi kuliko aliyokuwa nayo akiwa na miaka 25? Wengi wetu tunaamini kwamba homoni za kike hupungua taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka ziishe. Sivyo. Katika miaka hiyo, ambayo kwa wengi huanza baada ya kutimiza 40, estrojeni hupanda na kushuka kama umeme wa mtaa wenye transfoma mbovu: leo umezidi, wiki ijayo umefifia, na kila kifaa ndani ya nyumba kinapata taabu.

Inayotangulia kupungua ni projesteroni. Ovari huitengeneza kwa wingi baada ya yai kupevuka na kutoka. Mwezi ambao yai halikutoka, projesteroni huwa kidogo mno, na estrojeni hubaki bila mwenzake wa kuizuia. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba huendelea kunenepa, na siku ukibomoka, damu hutoka nyingi, yenye mabonge, kwa muda mrefu kuliko mwanamke alivyozoea. Matiti huuma. Mzunguko uliokuwa wa siku 28 unakuja kwa siku 22, kisha 35, kisha unaruka mwezi mzima. Mwanamke akilalamika huambiwa, "Ni umri tu, mama, vumilia." Jibu hilo halitoshi. Damu inayolowesha pedi kila saa inahitaji kuangaliwa na daktari, kwa kuwa umri huu ndio pia umri wa uvimbe wa fibroidi, na kwa kuwa upungufu wa damu unaotokana na hali hiyo una tiba. Hakuna sababu ya mtu kupanda ngazi akihema miaka mitano kwa jambo linalotibika.

Je, wajua kwamba akiba ya mayai hupangwa kabla mtoto wa kike hajazaliwa? Mimba inapofikisha wiki 20 hivi, kijusi cha kike huwa na mayai kama milioni 6 au 7. Siku ya kuzaliwa yamebaki milioni 1 hadi 2, na binti anapovunja ungo yamebaki kama 300,000 au 400,000. Yanayopevuka na kutoka maisha yote hayafiki 500; mengine hufa yenyewe. Kwa hiyo yai lililokuja kuwa wewe lilikuwepo tayari wakati mama yako yumo tumboni mwa bibi yako.

Akiba hiyo inapokaribia kwisha ndipo vurugu inapoanza. Vifuko vya mayai hutoa homoni iitwayo inhibini, ambayo kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba kichocheo kilichotumwa kinatosha. Vifuko vikiwa vichache, ujumbe huo hufifia, na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huongeza kichocheo chake, FSH. Mara nyingine vifuko vilivyobaki huitikia kwa nguvu na kumwaga estrojeni nyingi. Mara nyingine haviitikii kabisa. Ndiyo maana mwezi mmoja haufanani na mwingine.

Ndiyo maana pia kipimo kimoja cha damu hakisemi mengi. FSH inaweza kuwa juu leo na ya kawaida wiki tatu baadaye. Miongozo ya tiba ya Uingereza ya mwaka 2015 iliwataka madaktari wasitumie kipimo hicho kutambua hali hii kwa mwanamke mwenye dalili aliyepita miaka 45. Wamsikilize na waulize kuhusu mzunguko wake. Wataalamu hutumia kanuni nyepesi: mizunguko inayofuatana ikianza kutofautiana kwa siku 7 au zaidi, na hali hiyo ikajirudia, kipindi hiki kimeanza; pengo kati ya hedhi na hedhi likifika siku 60, mwisho unakaribia. Kalenda ya ukutani na kalamu vinaweza kukueleza zaidi kuliko maabara, na havina gharama.

Je, wajua kwamba joto la ghafla huanzia kichwani? Ndani ya ubongo, katika haipothalamasi, kuna seli za neva zinazoshiriki kupima joto la mwili. Estrojeni huzituliza. Ikipungua, seli hizo huvimba na kuchachamaa, na nafasi kati ya "nasikia baridi" na "nasikia joto" huwa finyu sana. Badiliko dogo tu la joto, ambalo zamani mwili usingelijali, sasa hutafsiriwa kuwa hatari: mishipa ya ngozi hufunguka, uso na kifua huwaka, jasho humwagika, halafu mtu hutetemeka kwa baridi. Ujuzi huu ndio uliozaa dawa isiyo ya homoni iitwayo fezolinetant, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ambayo huziba mlango wa kemikali inayozichochea seli hizo.

Kwetu pwani, mwezi wa Februari, nani atatofautisha joto la ndani na la nje? Na jasho la usiku lina mitego mingine. Malaria hutoa jasho, kifua kikuu hutoa jasho, na tezi ya thairoidi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huleta jasho, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, dalili zile zile. Mwanamke wa miaka 46 anayeamka shuka zimelowa anastahili kupimwa magonjwa haya. Vipimo vyote vikitoka safi, asipewe tena dozi ya malaria kwa kubahatisha. Aulizwe kuhusu hedhi yake. Swali hilo moja husahaulika mno.

Je, wajua kwamba dalili hizi zinaweza kudumu miaka mingi? Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN, ulioanza miaka ya 1990, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 3,000 wa asili mbalimbali. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba, kwa wale waliosumbuliwa na joto la mara kwa mara, muda wa katikati ulikuwa miaka 7.4. Kwa Wamarekani weusi ulizidi miaka 10, na kwa wenye asili ya Japani na China ulikuwa karibu nusu ya huo.

Naye mwanaanthropolojia Margaret Lock, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alieleza jinsi wanawake wa Japani walivyolitaja joto hilo mara chache kuliko wa Marekani na Kanada. Wao walilalamika zaidi kuhusu mabega kukakamaa na kichwa kuuma. Si ajabu. Vipokezi vya estrojeni vimetapakaa kwenye ubongo, mifupa, maungio, ngozi, mishipa ya damu na njia ya mkojo. Hivyo mama anayesahau jina la jirani katikati ya mazungumzo, anayekasirika kwa neno dogo kisha akalia peke yake jikoni, anayeamka saa tisa usiku asipate tena usingizi, huenda anapitia jambo hilo hilo moja. Hajawa mvivu, wala hajarogwa. Watu wa nyumbani mwake wakilijua hilo, nusu ya ugomvi huisha.

Mifupa haina kelele, lakini ndiyo inayopoteza sana. Upungufu wake huenda kasi kuanzia mwaka mmoja hivi kabla ya hedhi ya mwisho hadi miaka miwili baadaye. Kutembea na kubeba vitu vizito kiasi, pamoja na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mboga za majani, vina maana kubwa wakati huu.

Je, wajua kwa nini wanawake wengi, na madaktari wengi pia, huogopa tiba ya homoni? Julai 2002, watafiti Marekani walisimamisha sehemu ya utafiti mkubwa, sehemu iliyohusisha wanawake zaidi ya 16,000, baada ya kuona saratani ya matiti imeongezeka kidogo kwa waliomeza mchanganyiko wa estrojeni na projestini, yaani dawa inayofanya kazi kama projesteroni. Habari ilienea duniani na dawa zikatupwa. Kilichosikika kidogo ni kwamba wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, yaani wengi walishavuka kipindi hiki zamani. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa kwa mwanamke mwenye dalili, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na asiye na vizuizi kama historia ya saratani ya matiti au kuganda damu, faida kwa kawaida huzidi madhara. Mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni peke yake, kwa kuwa inaweza kuleta saratani ya ukuta wake.

Je, wajua kwamba si binadamu pekee wanaokoma kuzaa? Nyangumi wauaji hukoma kuzaa na kuishi miaka mingi baadaye. Mwaka 2023, watafiti wa sokwe wa Ngogo, katika msitu wa Kibale, Uganda, walitangaza kwamba majike wa huko hawazai tena baada ya miaka 50 hivi, na mkojo wao ulionyesha homoni zikibadilika kama za wanawake. Huko Ziwa Eyasi, Tanzania, mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliona bibi wa Kihadzabe wakichimba mizizi kwa bidii kubwa na kuwalisha wajukuu walioachishwa ziwa mama yao alipopata mtoto mwingine. Kutokana na hayo walitoa hoja kwamba maisha baada ya kuzaa yana kazi yake. Kwa sokwe wa Ngogo hoja hiyo haifai, maana binti akikua huhama kundi, na bibi hakai na watoto wa bintiye.

Je, wajua kwamba mimba bado yaweza kuingia? Hedhi kuruka miezi minne si kinga. Yai laweza kutoka mwezi wa tano. Ushauri wa kawaida ni kuendelea na uzazi wa mpango mpaka upite mwaka mzima bila damu kwa aliyevuka 50, au miaka miwili kwa aliye chini ya hapo. Miezi 12 mfululizo bila damu ndiyo inayothibitisha kwamba hedhi imekoma. Damu yoyote ikitokea baada ya hapo, hata tone kwenye nguo ya ndani, haihesabiwi tena kuwa hedhi: ni ya kupelekwa hospitali wiki hiyo hiyo, kwa sababu yaweza kuwa dalili ya mapema ya saratani ya mji wa mimba, ambayo ikigunduliwa mapema mara nyingi hutibika.