Mtoto Anaporejea Nyumbani na Jeraha

Katika mitaa ya Parklands, jijini Nairobi, ambako majumba ya kale yenye viwanja vipana, aghalabu ya familia za asili ya Kihindi, yamezidi kuyapisha maghorofa, ni jambo la kila siku kumwona mzazi akimkabidhi mtoto wake mlangoni mwa kituo cha kulelea watoto kabla jua halijapanda, kisha akashika njia ya ofisini, Westlands au mjini. Likizo ya uzazi katika sheria ya kazi ya Kenya ni miezi 3 tu. Nyanya wa mtoto yuko mashambani, na nyumbani hamna mtu. Kwa hiyo kitoto ambacho hakijajua hata kuketi huwekwa amana kwa "anti" ambaye mzazi hamjui ila kwa jina la kwanza. Mara nyingi amana hiyo hurejea salama. Ila ziko siku ambazo mama, akimvua mwanawe nguo za kutwa ili amwogeshe, huona alama asiyoielewa, na katika saa chache zinazofuata ndipo huamuliwa kama haki itapatikana au itapotea.

Kadhia iliyotufundisha somo hili waziwazi ilitokea kwa jirani zetu wa Kampala, mwezi wa Novemba 2014, si kituoni bali nyumbani. Baba mmoja, baada ya kuona michubuko mwilini mwa bintiye mwenye umri wa miaka miwili kasoro, alitega kamera kwa siri, na kamera ikamwonyesha yaya akimpiga mtoto, akimwangusha na kumkanyaga. Baba alishikwa na hamaki akampiga yule yaya, na kwa mujibu wa habari za wakati ule yeye ndiye aliyekamatwa kwanza na polisi, hata alipowaonyesha picha ndipo mambo yakageuka. Mwezi wa Desemba mwaka uo huo mahakama ikamhukumu yaya kifungo cha miaka 4. Ghadhabu ya baba yule hakuna mzazi asiyeielewa, walakini lau si ile kamera, shauri lingebaki kuwa la mwajiri aliyempiga mfanyakazi wake, na mtoto asingetajwa popote.

Basi hatua ya kwanza si kituoni kwa mwenye kosa bali kwa tabibu, na mkazi wa Parklands hana udhuru wa umbali, maana Hospitali ya Aga Khan na ile ya M.P. Shah zimo humo humo mtaani. Aende hata kama jeraha laonekana dogo, kwa sababu mtoto mchanga aliyetikiswa kwa nguvu yamkini asiwe na alama yoyote ya nje ilhali damu inavuja ndani ya fuvu; kutapika, usingizi usio wa kawaida, kukataa kunyonya, degedege, au mkono usioinuka ni dalili zisizongojea asubuhi. Na amweleze daktari shaka yake bila kuficha, ili iandikwe, kwani daktari aliyeambiwa tu kwamba mtoto "alianguka" hupima kama mpimaji wa aliyeanguka.

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa kuwa wazazi wengi huisoma michubuko vibaya. Mtoto anayetembea hujigonga kila uchao, na alama za magotini, miundini na kipajini ni sehemu ya kujifunza kwake; lakini asiyeweza hata kutambaa hajigongi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1999 uliwakuta watoto 2 tu wenye michubuko kati ya 366 waliokuwa chini ya miezi 6. Waganga hushtuka waonapo mchubuko kiwiliwilini, masikioni au shingoni mwa mtoto aliye chini ya miaka 4, au popote pale mwilini mwa mchanga asiyetimiza miezi 4. Rangi ya mchubuko haitoshi kubainisha siku ulipotokea, ijapokuwa majirani hupenda kubashiri. Tena, watoto wengi wa Kiafrika na wa Kiasia huzaliwa na mabaka ya samawati mgongoni na matakoni, yasiyouma wala kuvimba. Aliyempiga picha mwanawe angali mchanga hujiepusha na kumtuhumu mtu bure.

Baada ya matibabu, au sambamba nayo, ndipo polisi. Taarifa iandikwe kituoni na mzazi aondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, pamoja na fomu ya P3, ambayo polisi huitoa na daktari huijaza kueleza jeraha na uzito wake. Bila fomu hiyo kesi ya shambulio huwa dhaifu mno. Afisa wa watoto wa serikali naye ana mamlaka chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na simu ya bure ya 116 hupokewa usiku na mchana kwa mambo ya watoto. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya kulindwa na dhuluma, wala haikumpunguzia haki hiyo kwa kuwa hajui kusema.

Kwa yule ajuaye kusema, tahadhari ni moja: asihojiwe kama shahidi. Aulizwe, "Leo ilikuwaje?" kisha aachwe, atakachosema kiandikwe kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na saa. Mzazi anayeuliza mara kumi, "Ni anti fulani aliyekupiga, sivyo?" huishia kupata jibu alilolileta yeye, na wakili wa upande wa pili hatashindwa kuliona hilo.

Kituo nacho kitakiwe kwa maandishi kueleza nani alikuwa zamu, jeraha lilionekana saa ngapi, na kwa nini mzazi hakuarifiwa. Ikiwa pana kamera, barua ya kudai picha zihifadhiwe ipelekwe siku ile ile, maana mitambo mingi hufuta picha za zamani yenyewe ili kupata nafasi ya mpya. Na atakayetaka kuzitoa mahakamani akumbuke kwamba sheria ya ushahidi hudai cheti cha kuthibitisha zilivyopatikana. Katika kikao kitakachofuata barua hizo, mwenye kituo, akiwa na haya au hofu, huenda akaleta sulhu: karo irudishwe, gharama za hospitali zilipwe, yule binti mlezi anayetuhumiwa afukuzwe leo leo. Mimi siioni sulhu hiyo kuwa ya haki. Binti aliyefukuzwa kimya kimya, kesho atashika zamu Kangemi au Ngara bila mtu kujua, na mwenye kituo atabaki na maswali yake yasiyoulizwa. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017, nayo haikukusudiwa kwa vibanda vya mabati pekee. Mzazi wa Parklands anayelipa fedha nyingi ana haki ya kuuliza leseni iko wapi, na msichana mmoja aliachiwa watoto wangapi peke yake kutwa nzima kwa ujira gani. Uchovu haumwondolei mpigaji taksiri yake, ila aliyempanga kazi katika hali hiyo naye ana sehemu yake, na madai ya fidia yaweza kumfikia.

Lililobaki ni simu iliyo mkononi. Kuisambaza picha ya mtoto mwenye majeraha katika makundi ya WhatsApp humwacha mtoto huyo na picha isiyofutika, na kumpa mtuhumiwa hoja kwamba amekwisha kuhukumiwa nje ya mahakama. Kwamba picha za watoto si za kuchezewa, Kamishna wa Ulinzi wa Data alilionyesha mwaka 2023 alipoitoza Shule ya Roma ya Uthiru, magharibi mwa Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Lakini wazazi wengine wa kituoni wana haki ya kujua, kwa kuwa watoto wao walilala chumba kile kile. Waambiwe ana kwa ana kwamba mtoto ameumia na shauri limo mikononi mwa polisi, wapewe nambari ya OB, na wawatazame wana wao vizuri kabla ya kuwarejesha Jumatatu.