Kibanda cha Mayahudi: kwa nini dhiraa ishirini?

Ukifika Gilgil, kabla ya Nakuru, ukakata kuelekea Ol Kalou, si mbali utaikuta Kasuku. Ni nchi ya baridi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Huko wapo Wakenya wachache wanaofuata dini ya Kiyahudi. Kila mwaka, Septemba au Oktoba, huwadia sikukuu ya vibanda, Sukoti: siku saba za kula, na ikiwezekana kulala, ndani ya kibanda, kukumbuka walivyokaa Bani Israili walipotoka Misri.

Kibanda chenyewe huitwa suka. Paa lake sharti liwe la mimea iliyokatwa, na kivuli kizidi jua. Mkeka uliosukwa kwa kulalia haufai kuezekea. Uliosukwa kwa paa wafaa. Basi makuti yetu yangepita, ila yasiwekwe mazito hata yakazuia mvua.

Na kimo? Kisipungue viganja kumi vya mkono kwa upana, karibu mita moja, wala kisizidi dhiraa ishirini, yaani mita tisa au kumi hivi. Mzee wa Pwani aliyepima kitambaa kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, haelezwi dhiraa ni nini.

Sababu wanavyuoni wao walikhitalifiana. Raba alisema paa likiwa juu mno jicho halilioni, na mtu husahau yumo kibandani. Rabi Zeira alisema kivuli hapo ni cha kuta, si cha paa. Rava akasema jengo refu hivyo lataka nguzo za kudumu, na suka ni makao ya muda. Mimi namwelewa Rava zaidi: kibanda kikishakuwa jumba, ukumbusho gani tena? Lakini Rabi Yehuda alikataa mpaka huo kabisa, akatoa ushahidi wa Malkia Helena, aliyekaa kwenye suka ndefu kuliko hiyo huko Lod, na wazee wakiingia na kutoka bila kumwambia neno. Hakushinda.

Aliyejenga kirefu mno si lazima abomoe. Ainue sakafu kwa udongo. Kurundika magodoro na mito hakuhesabiki, hila hiyo walishaiona.

Gilgil nayo ina kisa chake. Machi 1947 Waingereza walileta kambini hapo wafungwa wa Kiyahudi kutoka Palestina, waliopigana na utawala wao, wakawaweka hadi Julai 1948. Kwa hiyo Sukoti ya 1947 iliwakuta katika Bonde la Ufa, ndani ya seng'enge.

Kwa wa Kasuku leo, kimo hakina shida. Nani ataezeka kibanda cha mita kumi? Shida ni mvua na baridi ya usiku. Sheria imelifikiria hilo: mvua ikinyesha hadi kuharibu uji bakulini, mtu ana ruhusa kutoka, akamalize chakula chake nyumbani.